Kasoro za Filamu ya Mazombi ya Bajeti Ndogo

Filamu ya mazombi ni kimbilio la waandaaji wasio na fedha, na sababu zake ziko wazi. Zombi hasemi, kwa hiyo hahitaji mwigizaji bingwa wa maneno. Mavazi yake ni matambara. Mandhari yake ni vichochoro, makaburi, magofu na nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa *Night of the Living Dead* kwa takriban dola 114,000, fedha kidogo mno kwa viwango vya Hollywood ya wakati ule. Mwaka 2008 Marc Price wa Uingereza alitoa *Colin*, filamu inayosemekana kugharimu pauni 45. Mwaka 2014 Mnigeria C.J. Obasi alitoa *Ojuju*, hadithi ya mazombi katika mtaa wa mabanda, iliyopigwa karibu bila bajeti yoyote.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa *Nsyuka* na *Shumileta* katika miaka ya 2000, filamu za mizimu na majini zilizoonyesha kwamba hofu ya nyumbani inaweza kuuzika kwenye kaseti za video. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitoa *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010. Hiyo ni filamu ya mapigano, haina mazombi, lakini bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200, na matatizo aliyokutana nayo ndiyo yanayomkabili kila mwenye kamera na mifuko mitupu.

Likoni, Kisauni na Changamwe, sehemu za Mombasa, Kenya, zilizo upande wa bara nje ya kisiwa, hazina studio ya filamu ya kutisha. Zina simu zenye kamera nzuri, vijana wanaojua kuhariri, na waigizaji waliokomaa kwenye maigizo ya mitaani na ya mashuleni. *Watatu*, filamu ya Mombasa iliyotoka mwaka 2015, ilizaliwa kutokana na mchezo wa jukwaani wa kikundi cha S.A.F.E. Pwani, ushahidi kwamba kipaji kipo. Filamu ya mazombi inayotengenezwa katika mazingira haya huwa na kasoro zinazofanana, na nyingi kati yake hazisababishwi na ufukara. Husababishwa na mwandaaji kuchagua mambo yanayodai fedha asizo nazo, huku akiyaacha yale ambayo mahali penyewe pangempa bure. Kasoro hizo zinafuata hapa kwa mpangilio wa kazi, kuanzia hadithi hadi kuonyeshwa kwa filamu.

Hadithi isiyo na hofu ya mahali

Kasoro ya kwanza hutokea kabla ya kamera kuwashwa. Mwandishi huchukua hadithi ya Kimarekani kama ilivyo: maabara inayovuja kirusi, mwanasayansi mwenye koti jeupe, helikopta ya jeshi, bunduki mikononi mwa kila raia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwa urahisi Mtongwe au Mtopanga. Maabara inageuka chumba chenye meza na chupa tatu za rangi, na bunduki inageuka plastiki ya dukani. Mtazamaji huicheka plastiki, lakini kosa lilifanywa na kalamu.

Zombi hakuanzia maabara. Asili yake ni Haiti, nchi ambako Waafrika walifanyishwa kazi ya kitumwa katika mashamba ya miwa. Huko zombi alikuwa maiti aliyefufuliwa kwa uchawi ili aendelee kulimishwa, na kilichotisha ni utumwa usiokoma hata kwa kifo. *White Zombie* ya mwaka 1932, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mazombi, iliwaonyesha wafu hao wakisukuma mashine ya kusagia miwa. Romero ndiye aliyekuja kumgeuza zombi kuwa mla watu.

Pwani ya Kenya inaifahamu hofu hiyo ya mwanzo kwa karibu. Imani ya msukule, mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa kumbe amechukuliwa kichawi akafanyishwe kazi usiku, inajulikana sana Tanzania na visa vyake husimuliwa hadi Mombasa. Kisauni yenyewe ina Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele yake, iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina, ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi hatari inapokaribia. Hadithi ya wafu wanaoamka Kisauni na kengele inayolia usiku haidai helikopta wala maabara. Inadai mwandishi anayejua alipo.

*Ojuju* ilifanya hivyo kwa njia nyingine. Katika filamu hiyo maradhi yanaenezwa na maji machafu ya mtaa, na Obasi hakulazimika kueleza mengi, maana watazamaji wake wanaijua shida ya maji. Mkazi wa Likoni anaijua pia. Mifereji hukauka, visima vingi vina maji ya chumvi, na mkokoteni wa mitungi ya lita 20 hupita mlangoni bila mtu kujua maji yamechotwa wapi. Hofu ya aina hiyo imo ndani ya nyumba ya mtazamaji kabla filamu haijaanza.

Upande wa mazishi pia huvuruga filamu nyingi. Zombi mwenye suti iliyochanika anayetoka kwenye jeneza ni picha ya makaburi ya Kikristo, na hapo inakaa vizuri. Ikipelekwa kwenye makaburi ya Waislamu inakuwa uongo, kwa sababu maiti wa Kiislamu huzikwa na sanda, hulazwa ndani ya mwanandani, na jeneza husalia mikononi mwa waliomchukua. Mwandaaji asiyejali tofauti hii hupoteza imani ya mtaa mzima katika dakika ya kwanza, na huenda akaudhi watu kwa jambo zito. Kaburi la kuigiza lichimbwe kwenye kiwanja kwa ruhusa ya mwenyewe, mbali na makaburi ya kweli.

Kanuni zinazovunjwa na ramani inayosahauliwa

Filamu ya mazombi ina mkataba na mtazamaji. Anapaswa kujua mapema zombi anatembea kwa kasi gani, anavutwa na sauti au harufu, aliyeumwa anageuka baada ya muda gani, na zombi anaangamizwa vipi. Romero aliweka kanuni zake: wanakwenda polepole, moto unawatisha, na ubongo ukiharibiwa wanaanguka. Danny Boyle katika *28 Days Later* ya mwaka 2002 alikuja na wenye maradhi wanaokimbia, akashika kanuni hiyo hadi mwisho.

Filamu ya bajeti ndogo huivunja kanuni kila inapobanwa. Zombi aliyejikokota nusu saa nzima anakimbia kama mwanariadha kwa sababu mwongozaji ametaka mbio. Jirani aliyeumwa anageuka papo hapo, ilhali shujaa aliyeumwa mkononi anabaki mzima mpaka amalize kuaga. Baada ya hapo mtazamaji haogopi tena, kwa kuwa hajui aogope nini. Dawa yake ni ukurasa mmoja wa kanuni unaoandikwa kabla ya mswada na kusomwa kwa kila mwigizaji.

Ramani nayo ni kanuni. Kisiwa cha Mombasa kina njia chache za kutoka. Likoni kuna feri, Kisauni na Nyali kuna Daraja la Nyali, na Changamwe kuna barabara inayovuka maji pale Makupa. Barabara ya Dongo Kundu inaunganisha upande wa kusini na Miritini bila kupitia kisiwani. Mazombi wakizuka Likoni, swali la kwanza la mtu yeyote wa pale ni kama feri inaendelea kuvusha. Filamu inayoonyesha mji mzima umeambukizwa bila kuitaja feri imekataa zawadi kubwa. Watu waliobanana kwenye mteremko wa feri wakisubiri mlango ufunguliwe, na mmoja kati yao ana jeraha alilolifunika kwa leso, ni tukio kamili la kutisha. Linaweza kuigizwa na watu ishirini kwenye njia yoyote yenye uzio pande mbili.

Kosa dogo la jamii hiyo ni kuruka mitaa. Mhusika anakata kona Shika Adabu, anatokea Bamburi. Mtazamaji wa Nairobi hatatambua, lakini filamu hii watakaoiona kwanza ni majirani, na jirani anaujua ukuta uliopakwa rangi, duka na mti. Halafu kuna simu. Wahusika wengi wa filamu hizi huishi kana kwamba WhatsApp haijazuliwa. Habari ya maiti aliyeamka Chaani ingefika Mishomoroni kwa ujumbe wa sauti kabla zombi hajavuka barabara. Mwandishi aitumie simu hiyo: sauti ya shangazi inayokatika katikati ya maneno inatisha kuliko ngao ya bati iliyopakwa damu, na haigharimu kitu.

Giza lisiloonekana

Usiku ndio adui mkubwa wa kamera rahisi. Kamera ya simu ikikosa mwanga huongeza nguvu yake ya kupokea, na picha hujaa chembechembe, nyuso zikawa madoa. Waandaaji wengi hutoka saa tatu usiku wakitegemea taa ya mtaani na tochi ya simu nyingine. Matokeo ni dakika tano za weusi zenye kelele ndani yake.

Mombasa iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, na machweo yake ni ya haraka. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, kisha mwanga wa kutosha kupigia picha hubaki kwa takriban dakika ishirini. Katika dakika hizo mbingu ni ya samawati nzito, minazi inaonekana kama vivuli, na taa ya duka inang'aa bila kuunguza picha. Kamera ndogo huupenda mwanga huo. Kundi lililofanya mazoezi tangu alasiri linaweza kupata tukio moja zuri kila jioni. Kundi linaloanza kugawana nafasi magharibi litajikuta gizani.

Kasoro nyingine hutokea ndani ya nyumba. Umeme wa Kenya una mawimbi 50 kwa sekunde, na taa za mirija na balbu nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huona. Simu iliyopangwa kwa kasi ya shata ya 1/60 huchora mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani. Kuibadilisha shata iwe 1/50 au 1/100 huiondoa mistari hiyo bila gharama. Filamu nyingi hutoka na mistari yake kwa sababu hakuna aliyeitazama picha kwenye kioo kikubwa kabla ya kurudi nyumbani.

Tukio la mchana nalo lisidharauliwe. Zombi wa kwanza wa Romero haonekani usiku wa manane. Anaonekana kabla ya giza, kwa mbali, kama mtu wa kawaida anayetembea kati ya makaburi. Jua la saa nane Likoni, barabara tupu ya mchanga, na mtu mmoja asiyejibu salamu ni hofu ambayo taa haihitajiki kuitengeneza.

Sauti inayofichua kila kitu

Picha mbaya mtazamaji huivumilia, sauti mbaya humfanya azime. Maikrofoni iliyo ndani ya simu husikia kilicho karibu nayo, na mara nyingi kilicho karibu ni upepo na mtu anayeishika. Mwigizaji aliye hatua sita mbele husikika kama yumo ndani ya pipa. Nyumba za matofali zisizo na mapazia huongeza mwangwi.

Upande wa bara wa Mombasa una kelele zake. Changamwe hupitiwa na malori ya makontena yanayokwenda na kutoka Kipevu, na ndege za uwanja wa Moi hupita chini juu ya Port Reitz. Likoni husikika honi za feri. Msimu wa kusi, makuti na minazi huvuma mchana kutwa. Kelele hizi zina saa zake, na mwandaaji mkazi anazijua kuliko mgeni yeyote. Akizipuuza, mji uliodaiwa kuwa umekufa utasikika ukiwa na matatu zinazoita abiria.

Adhana ndiyo mtego mkubwa zaidi. Tukio linaandikwa kuwa ni saa nane za usiku, shujaa amejificha chini ya kitanda, na nyuma yake inasikika adhana ya magharibi. Kisauni nzima inajua adhana hiyo inatolewa saa ngapi. Kukata sauti hiyo baadaye huacha pengo, kwa sababu maneno ya mwigizaji yamechanganyika nayo. Heshima na ufundi vinakubaliana hapa: kazi isimame adhana inapotolewa, iendelee baadaye.

Tiba ya sauti ni ya bei ndogo. Simu ya pili inafichwa kifuani mwa mwigizaji na kurekodi sauti peke yake, na kofi moja linalopigwa mbele ya kamera humsaidia mhariri kuoanisha sauti na picha. Magodoro yakiegemezwa ukutani hupunguza mwangwi. Kabla ya kuondoka, kila mahali parekodiwe kwa dakika moja watu wote wakiwa kimya, ili mhariri apate sauti ya kuzibia nyufa.

Sauti za kutisha zenyewe hutengenezwa jikoni. Mfupa unaovunjika ni kipande cha muwa kinachovunjwa karibu na maikrofoni. Nyama inayoraruliwa ni kitambaa kilicholowa kinachokamuliwa na kuvutwa. Kichwa kinachogonga sakafu ni dafu linaloangushwa juu ya mkeka. Filamu nyingi badala yake hupakua mlio wa mnyama mmoja kutoka intaneti na kuupa kila zombi. Muziki nao huchukuliwa bila idhini, na filamu iliyowekwa YouTube inaweza kuzuiwa au mapato yake kuelekezwa kwa mwenye wimbo. Mpiga ngoma wa mtaani, akirekodiwa kwa makubaliano ya maandishi, ataipa filamu sauti yake yenyewe.

Uso wa unga na damu ya juisi

Desturi ya kumpaka zombi unga mweupe imetokana na filamu za Wazungu, ambamo ngozi ya maiti inapauka. Unga juu ya ngozi nyeusi humfanya mtu aonekane ametoka kinuni. Isitoshe, joto la Mombasa hupita nyuzi 30 na hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo baada ya robo saa unga na jasho huwa donge. Ngozi nyeusi iliyokufa huelekea kijivu cha majivu, zambarau chini ya macho na manjano kandokando ya midomo. Rangi hizo hupatikana kwa kuchanganya makaa yaliyosagwa laini, wanja na vipodozi vya kawaida.

Pwani ina kitu bora zaidi. Liwa, msandali uliosagwa ambao wanawake hujipaka usoni, hukauka ukawa gamba la manjano linalopasuka ngozi inaponyooka. Tabaka mbili za liwa, majivu kidogo juu yake, na zombi anapofungua kinywa uso wake unaachana mistari mbele ya kamera. Hakuna kinyago cha plastiki kinachoweza kufanya hivyo. Jeraha hutengenezwa kwa karatasi ya shashi na uji mzito wa unga wa ngano, uliopakwa tabaka juu ya tabaka na kuchanwa katikati. Lenzi za macho za rangi zisigawanywe kati ya waigizaji kamwe, maana huambukiza maradhi ya macho.

Damu hukosewa rangi na hukosewa wakati. Sharubati nyekundu ni nyepesi na inang'aa waridi kwenye kamera. Shira nzito ya sukari yenye rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo hukaa ngozini na kuwa na uzito wa damu. Romero, kwa kuwa filamu yake haikuwa ya rangi, alitumia shira ya chokoleti. Nabwana alijaza maji ya rangi nyekundu katika kondomu, akazifunga kifuani mwa waigizaji na kuzipasua kwa uzi. Upande wa wakati, maiti wa wiki mbili hatoki damu mbichi akipigwa panga. Damu yake imekauka na kuwa nyeusi. Filamu inayommwagia kila zombi ndoo ya wekundu inaondoa tofauti kati ya mzima na mfu, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hadithi.

Wafu wanaofanana

Mwongozaji huwaambia majirani kumi wanyooshe mikono na kugumia, nao wote hufanya vilevile. Matokeo ni gwaride. Mazombi humsubiri shujaa ammalize mmoja ndipo mwingine aje. Nyuma yao watoto wa mtaa wanachungulia wakicheka, na mmoja wa wafu anaitazama kamera.

Romero katika *Dawn of the Dead* ya mwaka 1978 aliwaonyesha wafu wakirudi kwenye duka kubwa kwa sababu ndiko walikozoea kwenda walipokuwa hai. Wazo hilo linafaa sana upande wa bara. Kila mfu apewe kazi aliyokuwa nayo. Mchukuzi wa bandarini anatembea ameinamisha shingo kana kwamba gunia bado liko begani. Kondakta wa matatu mkono wake mmoja umeng'ang'ania mlango usiokuwepo. Mama aliyeuza mahamri alfajiri anaendelea kugeuza kitu hewani mbele ya jiko lililozimika. Dakika kumi za mazungumzo na kila mwigizaji kuhusu mwili wa mtu huyo zinatosha, na mtazamaji ataona huzuni pamoja na hofu.

Uchache wa watu hufichwa kwa kamera. Mikono sita inayopenya chini ya geti la mabati humfanya mtazamaji ahesabu mia upande wa pili. Vivuli vinavyopita nyuma ya uzio wa makuti hufanya kazi hiyo hiyo. Kuwapanga watu wanane kwenye uwanja mpana wa mpira na kudai ni jeshi la wafu hakumshawishi yeyote. Watoto nao wasifukuzwe. Wakipewa kazi ya kulinda pande za njia, au nafasi ya kuwa mazombi wadogo, huwa wasaidizi.

Uhariri na urefu

Kasoro za mwendelezo huonekana wakati wa kuhariri, ambapo hazitibiki. Doa la damu liko bega la kulia, kisha la kushoto. Kivuli cha mchana kinafuata giza katika mazungumzo yale yale. *Plan 9 from Outer Space* ya Ed Wood, ambayo usiku na mchana hubadilishana ndani ya tukio moja, hutajwa hadi leo kwa kasoro hizo. Picha moja ya simu ya kila mwigizaji mwisho wa kila tukio, iliyohifadhiwa kwa namba ya tukio, ingeziondoa karibu zote.

Athari za kompyuta ni kishawishi kingine. Programu za bure zina moto, milipuko na michirizi ya damu ya tayari, na vitu hivyo huelea juu ya picha bila kuangaza chochote kando yake. Moto wa kweli huutia ukuta rangi ya machungwa na huyumbisha vivuli. Kitambaa cha rangi hiyo kikipungwa mbele ya taa, nje ya picha, kinashawishi kuliko moto wa programu.

Urefu ndio kosa ghali kuliko yote. Soko la video la Tanzania na Nigeria liliwazoesha waandaaji kugawa hadithi moja sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, na mazoea hayo yamebaki. Mswada wenye hadithi ya dakika ishirini huvutwa kufika tisini kwa watu wanaotembea, kufungua milango na kurudia walichokwisha sema. Hofu haivumilii kuvutwa namna hiyo. Filamu fupi ya dakika kumi na tano iliyobana inaweza kupelekwa kwenye tamasha na kutazamwa kwenye simu mpaka mwisho.

Ruhusa, usalama na nakala

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa kazi ya kupiga filamu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ndiyo inayoamua filamu inafaa rika gani. Filamu yenye damu nyingi itarajie daraja la watu wazima. Asiyelijua hilo huigiza kwa ajili ya shule na vijana, kisha akakuta hadhira yake imefungiwa nje.

Jambo la usalama ni zito zaidi upande wa bara. Kisauni na Likoni zimeumizwa na magenge ya vijana wenye mapanga. Kundi la watu waliojipaka damu, wakikimbia na mapanga jioni bila taarifa, linaweza kusababisha taharuki, kipigo cha umati au risasi ya polisi. Chifu, wazee wa mtaa, kituo cha polisi na majirani wajulishwe mapema. Mapanga yawe ya kadibodi ngumu iliyopakwa rangi ya fedha, na msimamizi avae kitu kinachomtambulisha. Hii ndiyo kasoro pekee katika orodha hii inayoweza kuua mtu kweli.

Mwisho wa kazi ni utunzaji. Nabwana alilazimika kufuta mafaili ya *Captain Alex* ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na leo hakuna nakala iliyo safi kuliko ya kiwango cha DVD. Romero na wenzake walipobadilisha jina la filamu yao, tangazo la hakimiliki lilisahauliwa kwenye nakala mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Dunia iliitazama, wao wakakosa mapato mengi. Diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na mikataba mifupi iliyotiwa saini na waigizaji wote, huzuia hasara za namna hii.

Kasoro zinazosameheka na zisizosameheka

Kasoro hizi hazina uzito sawa. Mwaka 2017 Shin'ichirō Ueda wa Japani alitoa *One Cut of the Dead* kwa takriban yeni milioni 3. Inaanza na dakika 37 za filamu mbovu ya mazombi isiyokatwa hata mara moja, yenye ukimya usioeleweka na kamera inayoanguka. Baadaye mtazamaji anaonyeshwa kila kosa lilivyotokea na juhudi za watu waliokataa kazi isimame, na filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 30 duniani. *Captain Alex* nayo inapendwa pamoja na mapungufu yake, kwa sehemu kutokana na sauti ya VJ Emmie anayesimulia juu ya picha. Watazamaji wa Kenya waliokulia mabanda ya video na masimulizi ya DJ Afro, kama wale wa Tanzania waliomsikiliza Lufufu, wanauelewa utamu huo wa msimulizi.

Mifano hii inaonyesha mpaka ulipo. Chembechembe za picha, jeraha la karatasi, kundi dogo la wafu na mavazi ya kuazima husamehewa, maana mtazamaji anaona juhudi. Maneno yasiyosikika hayasamehewi, kwa kuwa yanamfungia mlango. Kanuni zinazovunjwa hazisamehewi, kwa kuwa zinamdanganya. Hadithi isiyo na uhusiano na maisha yake haisamehewi, kwa kuwa haimpi sababu ya kuogopa. Mambo hayo matatu ndiyo yasiyodai fedha nyingi: la kwanza linataka simu ya pili na ukimya, la pili linataka ukurasa mmoja, la tatu linataka mwandishi ausikilize mtaa wake.

Kwa hiyo fedha kidogo zikipatikana, zianze na sauti, zifuate chakula na nauli za waigizaji ili warudi siku ya pili, kisha taa moja nzuri na diski ya kuhifadhia kazi. Vinyago, bunduki za plastiki na programu za milipuko vikae mwisho wa orodha, na mara nyingi filamu itakamilika bila kuvihitaji.